Ushirikishaji wa umma: Jinsi ya kutoa maoni kabla sheria ya afya haijapita

Kama umeajiriwa Kenya, asilimia 2.75 ya mshahara wako, kabla ya makato mengine, inakwenda kwa bima ya afya ya SHIF kila mwezi. Anayelipwa Sh100,000 anakatwa Sh2,750. Enzi za NHIF alikuwa akikatwa Sh1,700. Je, kuna aliyekuuliza kabla ya mabadiliko hayo?

Swali lilifika kortini

Rais William Ruto alitia saini sheria mpya za afya Oktoba 19, 2023. Julai 12, 2024, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba tatu kati yake, ikiwemo ile ya bima, zilikiuka Katiba. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Bunge likapewa siku 120 kurekebisha hilo.

Septemba mwaka huohuo, Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo huku rufaa ikisubiriwa. Oktoba 1, SHA ikachukua nafasi ya NHIF.

Katiba inasemaje?

Kifungu cha 10 kinataja ushiriki wa wananchi kama mojawapo ya maadili ya kitaifa. Cha 118 kinalitaka Bunge liwahusishe wananchi katika kazi yake, na cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yafanye vivyo hivyo.

Hii haimaanishi kila unachosema lazima kikubaliwe. Lakini lazima upewe nafasi ya kweli ya kusikizwa, si ya kutimiza tu utaratibu.

Unatoaje maoni?

• Fuatilia matangazo ya Bunge magazetini na kwenye tovuti yake. Mswada ukifika kwa kamati, wananchi huombwa maoni na kupewa siku ya mwisho.

• Andika kwa Karani wa Bunge. Taja mswada, kifungu chenye shida, kinavyokuumiza na unachotaka kiandikwe badala yake. "Sitaki" pekee haitoshi.

• Kamati ikija kaunti yako, nenda ukaseme.

• Sheria imeshapita? Kifungu cha 119 kinakupa haki ya kuwasilisha ombi Bungeni ili irekebishwe au ifutwe.

Weka nakala ya kila unachotuma, pamoja na tarehe. Kesi ikifika kortini, hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba ulisema mapema.