Hekima Iliyotoka Misri



Juma hili tumeona vema tutafakari swali tuliloulizwa na kijana mmoja wa parokia yetu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Alikuwa amesoma mahali kwamba sehemu ya Kitabu cha Methali imetokana na maandishi ya Wamisri wa kale, watu walioabudu jua na mwezi. Akauliza, na sauti yake ilionyesha kwamba jambo hilo lilikuwa limemnyima usingizi: “Baba, kama ni hivyo, lililo Neno la Mungu ni lipi, na lililo la wapagani ni lipi?” Sisi tulikuwa njiani kuelekea Misa ya jioni, tukamjibu kwa haraka kwamba asisumbuliwe na maneno ya watu wasioamini. Jibu hilo halikuwa zuri, kwa sababu alichokisoma kina ukweli. Basi tunamjibu upya hapa, na pamoja naye wote ambao wamewahi kujiuliza hivyo kimoyomoyo.

Mwaka 1888 Mwingereza Wallis Budge, aliyekuwa akiitumikia Makumbusho ya Uingereza mjini London, alipata huko Misri gombo refu la mafunjo. Maandishi yake yote yalichapishwa mwaka 1923. Mwaka uliofuata mtaalamu wa Kijerumani, Adolf Erman, aliyaweka kando ya Methali, akaonyesha jinsi yanavyofanana na sehemu inayoanza sura ya 22 aya ya 17. Mwandishi wake anaitwa Amenemope, na wataalamu wengi huyaweka mafundisho yake kati ya karne ya 13 na ya 11 kabla ya Kristo. Kazi yake ilikuwa kusimamia mashamba na nafaka: kuweka alama za mipaka na kuhakiki vipimo. Aliyewahi kuketi katika kikao cha ugomvi wa mpaka wa shamba atajua mara moja ni vishawishi gani humfikia mtu mwenye cheo hicho. Aliandika sura 30 za mawaidha kwa ajili ya mwanawe wa mwisho.

Na anamwambia nini? Amwonya asimnyang'anye maskini, asifanye urafiki na mtu mwenye harara, asisogeze mpaka wa shamba la mjane, asiwe na pupa mezani kwa mkubwa. Amwambia kwamba mali ya udhalimu huota mabawa kama bata bukini na kurukia angani. Sasa tufungue Methali. Maskini yumo, mwenye hasira yumo, mpaka umo, meza ya mtawala imo, na mali yenye mabawa imo pia, isipokuwa huko imekuwa tai. Hata hesabu inapatana, kwa maana tafsiri nyingi za siku hizi husoma katika aya ya 20 kwamba mwalimu amemwandikia mwanafunzi wake misemo 30.

Hatuna sababu ya kuona haya. Mwandishi wa Israeli alimsikia mzee wa Misri akisema kweli, akaipokea. Yatupasa kukiri kwamba mzee huyo hakuwa mtu asiye na dini. Alisadiki kwamba kumheshimu maskini kwapendeza mbinguni, na kwamba kipimo kidogo kitokacho mkononi mwa mungu ni bora kuliko maelfu ya dhuluma. Lakini mwandishi wetu hakupokea kila kitu. Amenemope alifundisha kwamba mungu Thoth, ambaye Wamisri walimchora pia kama nyani, ndiye aketiye kando ya mizani, na kwamba nguvu za Mwezi humnasa mwenye kusogeza mipaka. Hayo yameachwa. Na lengo limebadilika. Mmisri aliandika ili mwanawe afanikiwe katika maisha na utumishi wake. Methali yasema waziwazi, katika aya ya 19, kwamba mafundisho haya yatolewa ili tumaini la mwanafunzi liwe kwa Bwana.

Badiliko lililotugusa kuliko yote liko katika sura ya 23, aya ya 10 na 11. Hapo shamba lililo hatarini ni la yatima, naye mwalimu anatoa sababu ya kutoligusa: yatima hao wanaye Mkombozi mwenye nguvu, atakayewatetea. Neno la Kiebrania lililotumika ni *goel*. Kwa Waisraeli, *goel* alikuwa ndugu wa karibu. Mtu akifukarika hata kuuza kipande cha ardhi yake, Kitabu cha Walawi sura ya 25 chamtaka ndugu huyo aje kuikomboa, ili urithi usipotee. Yatima basi ana shida gani? Shida yake ni kwamba hana ndugu wa kusimama. Jirani ajua hilo, na ndiyo maana husogeza jiwe usiku. Mwalimu wa Israeli ajibu kwamba ndugu yupo, na ndugu huyo ni Mungu mwenyewe. Amenemope alikuwa mtu mwema, lakini neno hili hakulijua. Lilitoka kwa watu waliokuwa wamekombolewa utumwani, na utumwa wenyewe ulikuwa huko huko Misri.

Wala hapa si mahali pekee. Sura ya 31 ya Methali imeandikwa kwa jina la mfalme Lemueli, asiye mfalme wa Israeli, tena mafundisho yenyewe ni ya mama yake. Ayubu alikuwa mtu wa nchi ya Usi. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, kinapomsifu Sulemani, chasema hekima yake ilizidi ile ya watu wa mashariki na ya Wamisri; na huwezi kumsifu mtu kwa kuwashinda wasio na kitu.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Hekima yetu ya Kiswahili imetoka kwa Waarabu, *hikma*, nalo ni ndugu wa *hokma* ya Kiebrania. Katika Kitabu cha Kutoka, Mungu anamjaza Besaleli hekima, na hekima hiyo ni ya mikono: kuchonga mbao, kufua dhahabu, kukata vito. Wanawake waliosokota nyuzi kwa ajili ya Hema wanaitwa wenye hekima pia. Hekima ilikuwa ustadi wa fundi kabla ya kuwa ustadi wa kuishi. Twaona basi kichekesho cha Nazareti: watu waliuliza Yesu ameipata wapi hekima hii, kisha wakajikwaa kwa sababu ni seremala!

Kanisa limelishika jambo hili tangu mwanzo, ingawa si daima kwa moyo mmoja. Mtakatifu Yustino, aliyeuawa kwa ajili ya imani mjini Roma mnamo mwaka 165, aliendelea kuvaa joho la mwanafalsafa baada ya ubatizo, akafundisha kwamba mbegu za Neno zimepandwa katika watu wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la *Nostra Aetate* la tarehe 28 Oktoba 1965, ulisema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Hata hivyo twakumbuka wakati ambapo baadhi yetu tulidhani kwamba Mkristo mzuri huziacha methali za wazee wake nje ya mlango wa kanisa. Wapo wazee waliotusikiliza, wakanyamaza, na tuliyoyapoteza kwa kunyamaza kwao hayarudi.

Kwa kijana wetu, na kwa jumuiya zinazopenda kusoma pamoja: anzeni Methali 22:17, mwishie 23:11. Ni aya 24 tu, zatosha kikao kimoja. Mkiwa na bibi au babu karibu, mwombeni aketi nanyi, na kila baada ya aya chache mwulizeni kama kwao lilisemwa neno kama hilo, na lilisemwaje.