Kujitenga na ulimwengu katika Umormoni

Kujitenga na ulimwengu ni fundisho la viongozi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake hujulikana zaidi kama Wamormoni. Fundisho hilo linawataka waumini waishi kwa namna tofauti na jamii inayowazunguka. Limerudiwa tangu Kanisa lilipoanzishwa nchini Marekani tarehe 6 Aprili 1830, lakini maana yake haikubaki ileile. Katika karne ya 19 kujitenga kulikuwa kuhama: kuwa na nchi yao, maduka yao, ndoa za aina yao na hata alfabeti yao. Tangu karne ya 20 Mmormoni anaishi mtaa mmoja na watu wengine na kufanya kazi nao, ila tofauti yake inatakiwa ionekane katika anachokunywa, anachovaa, anavyoitumia Jumapili na anavyofunga ndoa.

Asili

Msingi wa fundisho umo katika Biblia. Katika Injili ya Yohane Yesu anawaombea wanafunzi wanaokaa ulimwenguni bila ya kuwa wa ulimwengu, na Waraka wa kwanza wa Petro unawaita waamini taifa teule. Jumuiya nyingi za Kikristo zimejiona katika maneno hayo, kuanzia wamonaki wa jangwa la Misri hadi Waamish wa Pennsylvania. Kwa Wamormoni wa kwanza wito huo ulikuwa na mahali pake kwenye ramani. Mwaka 1831 mwanzilishi wao, Joseph Smith, alitangaza kuwa Sayuni itajengwa katika wilaya ya Jackson, Missouri, na waongofu wakaanza kukusanyika huko. Ulimwengu uliobaki uliitwa Babeli, na wasio Wamormoni waliitwa Mataifa, jina ambalo Waisraeli wa kale waliwapa wageni. Baadaye huko Utah hata Wayahudi walijikuta wakihesabiwa kuwa Mataifa.

Majirani hawakuliona jambo hilo kuwa la kiroho tu. Watu waliofika kwa mamia, wakanunua ardhi pamoja, wakafanya biashara wenyewe kwa wenyewe na kupiga kura kwa kauli moja walionekana kuwa tishio. Mwaka 1833 walifukuzwa Jackson. Tarehe 27 Oktoba 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au waondolewe jimboni. Siku tatu baadaye watu 17 waliuawa katika makazi ya Haun's Mill, wakiwemo watoto. Waliobaki walikimbilia Illinois na kujenga mji wa Nauvoo, wenye mahakama na mgambo wake.

Huko nako mambo hayakutulia. Mnamo Juni 1844 gazeti la watu waliojitoa katika Kanisa lilifichua kwamba Smith alifundisha kwa siri ndoa ya wake wengi. Halmashauri ya mji, iliyoongozwa naye, iliamuru mtambo wa gazeti uharibiwe. Smith alifungwa katika gereza la Carthage, na tarehe 27 Juni kundi la watu wenye silaha lilivamia gereza hilo na kumwua pamoja na kaka yake Hyrum. Ni vigumu kusema kipi kilitangulia kingine, kujitenga au kuteswa. Kadiri Wamormoni walivyojitenga ndivyo walivyoogopwa, na kadiri walivyoshambuliwa ndivyo viongozi wao walivyopata sababu mpya ya kuhubiri kujitenga.

Kuhamia magharibi

Brigham Young, aliyemrithi Smith kama kiongozi wa kundi kubwa zaidi, aliwaongoza waumini hadi bonde la Ziwa la Chumvi. Alifika tarehe 24 Julai 1847. Bonde hilo lilikuwa bado ndani ya mipaka ya Mexiko, na ukame wake ulikuwa sehemu ya mvuto wake, kwa kuwa Young alitaka mahali ambapo hakuna mtu mwingine angepatamani. Wenyeji wake, yaani Wayuti, Washoshoni na Wapayuti, ndio waliopoteza ardhi na maji kutokana na hesabu hiyo. Wamormoni nao hawakubaki nje ya Marekani kwa muda mrefu, maana mkataba wa Februari 1848 uliliweka eneo lote chini ya nchi waliyoikimbia.

Hata hivyo kwa miaka 20 umbali uliwafanyia kazi. Mfuko maalumu ulioanzishwa mwaka 1849 uliwakopesha nauli waongofu maskini kutoka Uingereza na Skandinavia ili wakusanyike Utah. Katika miaka ya 1850 ilibuniwa alfabeti ya Deseret, yenye herufi 38, ya kuandikia Kiingereza. Vitabu vichache vilichapishwa kwa alfabeti hiyo, lakini watu hawakuipokea.

Upande wa giza wa utengano huo ulionekana mwaka 1857, serikali ya Marekani ilipotuma jeshi kwenda kumwondoa Young katika ugavana. Viongozi walihubiri vita na kuwaagiza watu wasiwauzie nafaka wasafiri. Katika hali hiyo ya hofu, tarehe 11 Septemba, wanamgambo wa Kimormoni wakisaidiana na Wapayuti kadhaa waliua wahamiaji wapatao 120 waliokuwa wakielekea California, katika malisho ya Mountain Meadows. Waliosalimika ni watoto wadogo 17. Mtu mmoja tu, John D. Lee, alihukumiwa, akapigwa risasi mwaka 1877.

Uchumi wa peke yao

Reli iliyounganisha mashariki na magharibi ya Marekani ilikamilika Utah tarehe 10 Mei 1869. Young alijua mapema kwamba treni ingeleta bidhaa za bei nafuu pamoja na watu wa kuziuza. Mwaka 1868 Kanisa lilianzisha duka la ushirika lililojulikana kwa kifupi kama ZCMI, lenye matawi vijijini, na waumini wakaagizwa wasinunue kwa Mataifa.

Si wote waliokubali. Mfanyabiashara William Godbe na mwandishi E. L. T. Harrison walidai kwamba Utah ingefaidika kwa kufungua migodi na kushirikiana na nchi nzima, na kwamba nabii hana mamlaka ya kumpangia muumini duka la kununulia. Walitengwa na Kanisa mwezi Oktoba 1869. Kesi yao iligusa swali ambalo limebaki hadi leo katika mjadala huu: mpaka kati ya imani na mambo ya kawaida ya maisha uko wapi, na nani anauchora.

Jaribio lililokwenda mbali zaidi lilikuwa kijiji cha Orderville, kusini mwa Utah, kilichoanzishwa mwaka 1875. Mali zote zilikuwa za pamoja, watu walikula katika ukumbi mmoja na kuvaa nguo zilizofumwa palepale. Kiuchumi kijiji kilifanikiwa kuliko vingine vya aina yake. Kilichokisumbua ni vijana, walioanza kuziona suruali za dukani za wenzao wa vijiji jirani. Inasimuliwa kwamba, kwa kuwa suruali mpya ilitolewa tu ile ya zamani ikichakaa, vijana walikuwa wakijipenyeza kwenye jiwe la kunolea visu na kusaga makalio ya suruali zao. Utaratibu wa mali ya pamoja ulidumu takriban miaka 10.

Ndoa ya mitara na Ilani ya 1890

Alama kubwa kuliko zote ya utengano ilikuwa mitara, yaani mwanamume mmoja kuoa wake wengi, iliyotangazwa hadharani mwaka 1852. Bunge la Marekani liliipiga marufuku mwaka 1862 na kukaza sheria mwaka 1882 na 1887. Mwaka 1879 Mahakama Kuu iliamua kwamba uhuru wa dini unalinda imani ya mtu, si kila tendo analolifanya kwa jina la imani hiyo. Mamia ya wanaume walifungwa, viongozi walijificha, na sheria ya 1887 iliruhusu serikali kutwaa mali za Kanisa.

Mwezi Septemba 1890 Wilford Woodruff, rais wa Kanisa wakati huo, alitoa Ilani ya kuwashauri waumini wasifunge tena ndoa zinazokatazwa na sheria. Utah ikawa jimbo kamili tarehe 4 Januari 1896. Kwa waumini waliokuwa wamefundishwa kwa miaka 38 kwamba mitara ni amri ya Mungu, mabadiliko hayo yalikuwa mazito. Wanawake wengi hawakujua nafasi yao ni ipi tena, na baadhi ya ndoa mpya ziliendelea kufungwa kwa siri hadi tamko la pili la mwaka 1904.

Wachache waliokataa kabisa walijitenga na Kanisa lenyewe, wakaunda vikundi vyenye msimamo mkali. Mwaka 1953 polisi wa Arizona walivamia kijiji chao cha Short Creek na kuwachukua watoto wengi, hatua ambayo iliwapatia wanakijiji huruma ya umma kuliko lawama. Mmoja wa viongozi wa baadaye wa jumuiya hiyo, Warren Jeffs, alihukumiwa kifungo cha maisha huko Texas mwaka 2011 kwa kuwadhulumu kingono wasichana wadogo. Kanisa kuu halina uhusiano na vikundi hivyo, na humtenga muumini anayeoa mitara.

Mipaka mipya

Baada ya mitara kuachwa, na waongofu kushauriwa wabaki katika nchi zao badala ya kuhamia Utah, palihitajika alama nyingine. Iliyo maarufu zaidi ni Neno la Hekima, maagizo ya afya ya mwaka 1833 yanayokataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, maana yake kahawa na chai. Kwa miongo mingi yalichukuliwa kama ushauri tu, na waanzilishi wengi wa Utah walikunywa kahawa bila wasiwasi. Mwaka 1921, chini ya rais Heber J. Grant, kuyashika kukawa sharti la kupewa kibali cha kuingia hekaluni.

Mengine yalifuata. Mwaka 1912 yalianza madarasa ya dini karibu na shule ya sekondari ya serikali mjini Salt Lake City. Mwaka 1936, wakati wa mdororo wa uchumi, ulianzishwa mpango wa ustawi ili waumini wasitegemee misaada ya serikali. Tangu miaka ya 1960 viongozi walisisitiza jioni ya familia nyumbani, ambayo baadaye ilipangiwa Jumatatu. Kijitabu cha vijana kilichotolewa kwanza mwaka 1965 kiliingia hadi katika urefu wa sketi na namna ya kucheza dansi. Mwaka 2000 rais Gordon B. Hinckley aliwashauri wanawake watosheke na jozi moja ya hereni. Toleo la mwaka 2022 la kijitabu liliacha orodha nyingi za namna hiyo na kumwachia kijana aamue kwa kufuata kanuni za jumla.

Mwanasosholojia Armand Mauss, mwenyewe Mmormoni, alieleza mwenendo huu katika kitabu chake cha mwaka 1994. Kwa maoni yake, Kanisa lililofanana mno na jamii hupoteza sababu ya kuwepo, na lililotofautiana nayo mno hupigwa vita. Hivyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Wamormoni walijisogeza karibu na Wamarekani wenzao, kisha viongozi wakageuka na kukaza tena mipaka.

Maelezo hayo yanasaidia, ila hayatoshi. Kuanzia mwaka 1852 hadi Juni 1978 wanaume wenye asili ya Afrika hawakupewa ukuhani, wala Waafrika kushiriki ibada kuu za hekaluni. Katika hilo Kanisa halikujitenga na ulimwengu hata kidogo: lilifanana na ubaguzi wa Marekani ya wakati wake, na lilichelewa kuuacha. Katika masuala ya ndoa na jinsia msimamo umekuwa wa kupingana na jamii. Viongozi walipinga marekebisho ya katiba kuhusu usawa wa wanawake, na Sonia Johnson aliyeyatetea alitengwa mwaka 1979. Mwaka 2008 waliwahimiza waumini wa California kuunga mkono kura ya kuzuia ndoa za jinsia moja. Kanuni ya Novemba 2015 iliyozuia watoto wa wazazi waliomo katika ndoa hizo kubatizwa iliumiza familia nyingi, ikafutwa Aprili 2019.

Katika Afrika ya Mashariki

Kanisa lilitambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka 1991, na kigingi cha kwanza, yaani jimbo la kikanisa, kiliundwa Nairobi mwaka 2001. Kitabu cha Mormoni kinapatikana kwa Kiswahili.

Hapa ulimwengu wa kujitenga nao una sura nyingine. Katazo la chai, ambalo huko Utah ni jambo dogo, linamgusa mwongofu kila anapoingia nyumba ya mtu, kwa kuwa kumkaribisha mgeni ni kumpa chai. Iwe ya rangi au ya maziwa, haramu ni jani lenyewe. Mwanamume mwenye wake wengi habatizwi maadamu anaendelea na ndoa hizo, na wanaomweleza hivyo ni wamisionari ambao baadhi yao ni vitukuu vya ndoa za mitara.

Gumu zaidi ni suala la mahari. Katika hotuba kwa waumini wa Afrika mwaka 2010, mtume Dallin H. Oaks alifundisha kwamba kuna utamaduni wa injili unaotangulia utamaduni wowote wa kitaifa au kikabila, na alitaja mahari miongoni mwa desturi za kuachwa, kwa hoja kwamba gharama yake inawachelewesha kuoa vijana wanaorudi kutoka umisionari. Hoja hiyo inaeleweka kwa kijana asiye na ng'ombe wala fedha. Lakini kwa wajomba na mashangazi wa binti mahari ndiyo inayounganisha koo mbili, na ndoa isiyo nayo wanaweza kuiona si ndoa. Anayetakiwa kujitenga hapa hajitengi na baa wala sinema, bali na wazee wa ukoo wake.

Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025. Kabla ya siku hiyo milango yake ilifunguliwa kwa watu wote waliotaka kulitazama ndani. Tangu hapo huingia waumini wenye kibali tu, na ndugu wasio waumini wa bwana na bibi arusi husubiri nje.