Idrojeni na Almasi Mbili

Mtu anayepanda toka Beni mpaka Butembo anajua ya kuwa kule juu maharagi yanakawia kuiva. Sababu ni hewa. Butembo hewa ni nyepesi zaidi, inakandamiza maji kidogo tu, nayo maji yanachemka mbele ya kufika digri 100. Basi, kama tofauti ndogo hivi inageuza kazi ya chungu, kitu kitakuwaje kikikandamizwa mara milioni kupita hewa hii?

Mwaka wa 1935, kule Princeton, Marekani, Eugene Wigner na Hillard Huntington walipiga hesabu juu ya idrojeni, gazi nyepesi kupita zote. Atomu zake hukaa mbili mbili. Walisema: tukizikandamiza kwa nguvu ya atmosfere 250,000, zitaachana, elektroni zitatembea huru, na idrojeni itakuwa metali yenye kupitisha umeme kama shaba ya Katanga. Hesabu ilikosa. Nguvu hiyo ilifikiwa, ikapitwa mbali, idrojeni ikabaki si metali.

Chombo cha kazi hii ni almasi mbili zinazokutana ncha kwa ncha; kilianza Marekani karibu na mwaka wa 1958, nacho chashikika mkononi. (Almasi twaijua sisi Wakongo. Ile ya Kasai nyingi haivaliwi na mabibi, inakata mawe na vyuma. Lakini ya laboratwari lazima iwe safi kabisa.)

Mwezi wa kwanza 2017, Isaac Silvera na Ranga Dias wa Harvard walitangaza kwamba wameipata metali, kwa atmosfere karibu milioni 4.9, kupita nguvu iliyo katikati ya dunia. Waliona inang'aa. Wenye elimu wengine wakabisha: labda kinachong'aa ni alumina iliyopakwa juu ya almasi. Mwezi uliofuata, katika kupima tena, almasi moja ikavunjika, na kipande kikapotea. Makala mengine ya Dias, juu ya vitu vingine, yalifutwa na gazeti Nature mwaka wa 2022 na 2023. Hilo peke yake haliamui neno la idrojeni. Lakini kwangu mimi, jambo lililoonwa mara moja, tena na wenyewe tu, halijatosha.

Mwaka wa 2020, Paul Loubeyre na wenzake wa Ufaransa walitoa habari yao. Kwa atmosfere karibu milioni 4.2, idrojeni ilizuia mwanga kwa ghafula, namna metali inavyofanya. Umeme hawakuupitisha ndani yake. Walipolegeza almasi, mwanga ukapita tena.