Sirsaka, kitambaa cha joto kisichotaka pasi

Ukikishika mara ya kwanza, unaweza kufikiri mfumaji alikosea. Sirsaka, ambayo Waingereza wanaandika seersucker, ni kitambaa cha pamba chenye mistari: mmoja laini, wa pembeni umejikunjakunja. Jina lilitoka Uajemi, shir o shakar, ni kusema maziwa na sukari. Ile shakar na sukari yetu ni ndugu.

Siri iko kwa mashine ya kufuma. Nyuzi zingine zinakazwa, zingine zinaachwa zilegee, na zile zilizolegea njo zinajikunja. Mikunjo inazuia kitambaa kushikamana na ngozi, upepo unapita.

Kule Marekani, nguo hii ilijulikana kwanza kuwa ya watu wa kazi. Mwaka 1909, mjini New Orleans, kwenye joto na unyevu mwingi, Joseph Haspel alianza kuishonea kostimu. Mwaka 1996 maseneta wa Washington walijiwekea hata siku ya kuivaa, mwezi wa 6.

Kostimu ya buluu na nyeupe inataka shemizi nyeupe isiyo na mistari. Mistari juu ya mistari inachokesha macho. Asiyependa kutazamwa sana avae koti peke yake, na pantalo ya buluu nzito. Viatu vya kahawia vinapatana nayo kuliko vyeusi.

Kwa fundi, kataa bitana nzima ndani ya koti: inarudisha joto lile lile unalolikimbia. Na ukifua, nyoosha kwa mkono, anika, vaa. Pasi ya nguvu inalaza mikunjo.