Rubani wa kompyuta

Katika mchezo wa Kerbal Space Program, programu ya nyongeza iitwayo MechJeb huweza kukishusha chombo mahali hasa alipopachagua mchezaji. Wengi watasema chombo “kinajiendesha”. Neno hilo linapunja. Mchezaji ndiye aliyeunda roketi, akapima mafuta na kuweka shabaha. MechJeb hushika usukani mwishoni, penye hesabu ngumu. Huwasha injini kinyume cha mwendo ili chombo kiache mzingo, hukadiria ardhi itakuwa imezunguka kiasi gani kabla hakijafika chini, husahihisha njia, kisha hupunguza kasi. Penye hewa, kama kwenye sayari ya Kerbin, makadirio huwa magumu zaidi.

Kazi hiyo ina jina la zamani: urubani. Kabla ya ndege, rubani alikuwa mjuzi wa kupitisha vyombo kwenye miamba. Hadi leo rubani wa bandari hupanda meli isiyo yake, akaielekeza gatini, huku nahodha akibaki na dhamana. Mtu atapinga, akisema kwamba rubani ni binadamu, wa ngeli ya a-wa. Ni kweli, lakini tukisema “rubani wa kompyuta” hatumdanganyi mtu, na tunabakiza kile ambacho “kujiendesha” kunakifuta: kwamba yupo mwenye chombo. Mwaka 1969, kompyuta ya Apollo 11 ilipokuwa inakielekeza chombo cha kutua Mwezini kwenye kreta yenye mawe, Neil Armstrong aliushika usukani mwenyewe. Nahodha alimpumzisha rubani.