Chapa

Katika lugha ya programu, kitenzi "chapa" hakihusu tena karatasi. Kimetoka zama ambazo jibu la kompyuta liligongwa kwa wino kwenye teleprinta. Skrini zilipoingia, amri ya print ilibaki na jina lake.

Tuseme orodha ina majina matatu: Asha, Juma na Neema. Katika Python, kitanzi hupitia jina moja baada ya jingine na kulichapa. Kila jina hupata mstari wake kwa kuwa print, isipoelekezwa vingine, humalizia kwa alama ya mstari mpya, inayoandikwa \n. Alama hiyo haionekani, lakini inahesabiwa kama herufi nyingine yoyote: katika ASCII ni namba 10. Linux hutosheka nayo. Windows huitanguliza namba 13, amri ya kurudi mwanzo wa mstari, kwa sababu kwenye teleprinta kurudisha kichwa cha kuchapia na kusogeza karatasi vilikuwa vitendo viwili.

Jina linalopotosha kweli ni writelines, amri ya Python ya kuandika orodha kwenye faili. Linaahidi mistari, ilhali haliongezi \n hata moja. Orodha ile ile ikipitishwa humo, faili hupokea AshaJumaNeema, na majina matatu yamekuwa neno moja. Anayeandika programu hana budi kuiweka \n mwenyewe mwishoni mwa kila jina. Akiyaunganisha kwa amri ya join badala yake, alama huingia kati ya majina tu. Neema hubaki bila mwisho wa mstari, na jina litakaloongezwa kesho kwenye faili hilo litagandana naye.