Memori ya kompyuta na gemu zinazokwama

Gemu ya kompyuta hukwama pale memori, yaani RAM, inapojaa. Hapo mfumo huhamishia sehemu ya data kwenye diski, ambayo ni ya polepole kuliko memori kwa mbali: taa ya diski hupepesa bila kukoma, picha huganda, na sauti hukatikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Tanzania ilichelewa kuujua usumbufu huu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ilikuwa bado haijaondolewa mwaka 1982. Milango ilipofunguliwa, mashine nyingi ziliingia kama mitumba, na mtumba wa kompyuta, tofauti na wa shati, huzeeka hata ukiwa kabatini, kwani programu mpya hudai memori zaidi.

Mfumo wa Windows XP wa mwaka 2001 uliridhika na megabaiti 128 za memori. Vista, iliyotoka 2007, ilidai 512 kabla gemu yoyote haijafunguliwa. Aliyeongeza kijiti cha RAM alipona; aliyebadilisha gemu pekee aliendelea kusubiri.